Kwaluguru na Mlima wa Chai

Kwaluguru si nchi ya chai. Ni nchi ya mahindi na mihogo, mbaazi na mbuzi, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye mishono ya begi. Mvua ya huku ina jeuri: ikija huja kwa kishindo, ikisusa husahau kabisa njia. Mche wa chai hauwezi kuvumilia tabia hiyo. Hata hivyo, anayetaka kuielewa chai ya Tanzania namshauri aanzie hapa, katika kata hii ya Wilaya ya Handeni, akae kwenye benchi la mama lishe, apewe chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, na asiwe na haraka. Aanze kwa wanywaji. Wachumaji atawakuta mbele ya safari.

Chai ya Kwaluguru hunywewa kwa heshima zote. Ni nyeusi, ina sukari ya kutosha kumsimamisha mtu aliyekesha shambani akifukuza nguruwe, na tangawizi yake hukwangua koo. Majani ya dukani yakiisha, au shilingi ikiwa haikutosha, mama wa nyumbani hazunguki kijiji kuazima. Anakwenda nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapotirikia, anakata mchaichai uliositawi kwa maji hayo, anaukunja fundo na kuutumbukiza sufuriani. Mgeni anapewa kikombe kilekile kwa mikono miwili, na hakuna anayeomba radhi kwamba majani ya dukani hayapo. Nimekunywa chai ya hoteli kubwa za mjini iliyonifanya niikumbuke hiyo ya mchaichai kwa uchungu.

Sifa za mahali hapa hazijitangazi. Hakuna maporomoko ya maji ya kupigia picha wala mbuga ya wanyama. Kuna uwanda mpana wenye vilima vya hapa na pale, miembe mikubwa inayowatunzia watu kivuli cha mikutano, makundi ya mbuzi yanayojua njia ya kurudi nyumbani kuliko mchungaji wao, na jioni inayoshuka taratibu juu ya mapaa ya bati. Kuna Wazigua, wenye nchi, na kuna wafugaji wa Kimaasai waliovaa rubega, na siku ya gulio wote hukutana wakabishana bei kwa Kiswahili kimoja safi ambacho mtu wa Dar es Salaam angekiona cha kizamani. Watu wa huku husalimiana kwa kirefu. Ukimpita mzee bila shikamoo, habari zako zitafika unakokwenda kabla yako.

Mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo yangu na kuniuliza habari za nyumbani, za njiani na za kazi, aliniuliza mwisho ninakokwenda. Nikamwambia Usambaani, kutazama chai. Akacheka. “Mwanangu, huko kuna baridi. Chukua kitu cha kujifunika. Na ukifika uwaambie watuletee.”

Kauli hiyo ya babu ndiyo iliyonipa kazi. Siku ambayo anga imetakata, ukipanda kilima cha huku ukatazama kaskazini na mashariki, Usambara hujitokeza ikiwa ya buluu, imevaa wingu kichwani. Chini ya wingu lile kuna chai: Bungu, Dindira, Vugiri na Lutindi upande wa Korogwe, Bumbuli na Lushoto nyuma yake, na ng'ambo ya bonde la Lwengera, Amani na mashamba ya Muheza. Lakini kipakiti kilichokuwa juu ya meza ya mama lishe, nilipokigeuza, kilikuwa kimefungashwa Mafinga, nyanda za juu kusini, safari ya mchana kutwa kwa basi. Mlima wa chai uko machoni, na chai inatoka Mafinga.

Uhusiano wa nchi hizi mbili, uwanda na mlima, ni wa zamani kuliko chai. Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy ameuandika katika Habari za Wakilindi: Mbegha, mwindaji wa nguruwe, alitoka Unguu, katika milima ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Alitembea na mbwa wake, akawagawia watu nyama kila alikopita, akapanda Usambara, akaua simba, na Wasambaa wakamfanya mtawala wao pale Vuga. Ukoo wake ndio uliomzaa Kimweri ye Nyumbai, ambaye mamlaka yake katikati ya karne ya 19 yalishuka kutoka mlimani yakafika mpaka pwani. Kwa hiyo safari ya kutoka uwandani kwenda mlimani ilikwisha kutengenezewa kisa chake. Nyama ilipanda kwanza. Hata sasa mbuzi wa Handeni bado wanapanda.

Kinachoshuka ni maji. Handeni imeteseka kwa kiu tangu babu na babu, na akina mama wa huku wamewahi kuamka usiku wa manane kufuata ndoo moja. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga mradi mkubwa wa bomba ambao kila mtu huku anauita HTM kwa herufi zake tatu. Maji yanachukuliwa mto Pangani, upande wa Korogwe, yanasukumwa kwa pampu kuelekea Handeni. Mashine zikazeeka, bomba likapasuka, foleni za ndoo zikarudi, kisha Handeni na Korogwe zikaingizwa katika mradi wa maji wa miji 28 wa mkopo kutoka India ili kuufufua mtandao huo. Pangani unatoka mbali, Kilimanjaro na Meru, lakini unapofika Korogwe umekwisha kupokea mito ya Usambara. Maji yanayochemka katika birika za Handeni, kwa sehemu, ni mvua iliyonyesha juu ya misitu inayopakana na chai.

Basi nikayafuata maji kule yalikotoka.

Kutoka mji wa Handeni mpaka Korogwe ni kilomita 65 za lami, na ni barabara nzuri ya kuangalia nje. Mahindi yanapungua, mkonge unaanza. Mistari yake ya kijani kibichi cha chuma inakwenda mpaka macho yanachoka. Mmea huu una hadithi yake ya ajabu: mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani, ikavuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla ya kamba za plastiki kuiangusha. Ninaitaja kwa sababu chai ya Tanga imekulia kwenye kivuli cha mkonge. Reli ni ya mkonge, bandari ni ya mkonge, hata vibarua walikuwa wa mkonge kwanza.

Korogwe yenyewe watu wengi wanaijua kupitia dirisha la basi: mahindi ya kuchoma, machungwa katika nyavu, dakika kumi za kujinyoosha, twende. Wanauonea mji huu. Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika hapa mwaka 1902, ikaendelea mpaka Moshi mwaka 1911, na tangu hapo Korogwe imekuwa mahali ambapo vitu vya mlimani na vitu vya uwandani hubadili wamiliki. Sokoni utaona karoti, kabichi na matunda ya damu vilivyoshuka na umande, vikiwa kando ya mbaazi na ufuta wa Handeni. Asubuhi kuna mandazi na mbaazi za nazi, kifungua kinywa ambacho mkoa wa Tanga hauhitaji kumwomba mtu ushauri juu yake. Kula hapo. Mbele ni kona.

Korogwe iko chini, kama mita 300 tu juu ya bahari, na joto lake ni la kweli. Gari dogo la abiria linapoanza kupanda, vioo vinafungwa kimoja baada ya kingine. Migomba inachukua nafasi ya migunga. Udongo unabadilika kutoka mwekundu wa vumbi kuwa mwekundu wa utelezi. Kisha, kona moja baada ya kona nyingine, mlima unafunuka na chai inatokea ghafla, imeenea kwenye matuta na mabonde, imekatwa sawasawa kwa juu kana kwamba mtu amepitisha rula, na miti ya msitu imesimama pembeni inaitazama. Kijani chake ni cha kung'aa, na baada ya kahawia ya uwandani macho yanahitaji muda kukizoea. Abiria wenzangu walikuwa wanasinzia. Ukizaliwa ndani ya uzuri hulazimiki kuushangaa.

Hapa Ambangulu na Dindira, katika Wilaya ya Korogwe, chai ndiyo kazi, lakini milima hii haikuanza na chai. Wajerumani walipoiteka nchi walikuja na ndoto ya kahawa. Kuanzia 1891 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilifyeka msitu wa Derema, Usambara ya Mashariki, na wengine wakafuata Ngwelo, Bulwa na kwingineko. Walipoona miti mikubwa vile walidhani udongo unaoilea lazima uwe na rutuba isiyokwisha. Walikosea. Rutuba ilikuwa katika majani yaliyooza juu, na chini yake palikuwa na udongo mchachu uliosuuzwa na mvua za karne nyingi. Kahawa ilizaa miaka michache, ikaanza kunyauka, wadudu wakamalizia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba mengi ya kahawa ya Usambara yalikuwa hasara tupu.

Uchachu ule ule ulioiua kahawa ndio unaotakiwa na chai. Mmea huu asili yake ni mipaka ya China, Burma na Assam, hupenda udongo wenye tindikali, mvua nyingi, ukungu wa asubuhi na ardhi yenye mteremko ili mizizi isilale majini. Usambara ina vyote. Sehemu za mlima zinazotazama bahari hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka, mara mbili ya ile ya uwandani. Ni upepo wa Bahari ya Hindi unaopanda ukuta huu na kumwaga mzigo wake. Unapouvuka na kwenda zake bara umebakiwa na kidogo. Handeni inaelewa vizuri maana ya kidogo.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, kilichokuja kuwa maarufu katika Afrika nzima, na bustani yake ya miti ya kigeni bado ipo. Hapo ndipo chai ilipojaribiwa kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Mwaka 1904 ikapandwa Kyimbila, Rungwe. Yalikuwa majaribio tu. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mashamba ya Wajerumani yakataifishwa kama mali ya adui na kupigwa mnada, na kilimo cha chai cha biashara kikaanza mwaka 1926 chini ya Waingereza. Kenya ilikuwa imetangulia kidogo: makampuni makubwa yalishaingia Kericho miaka miwili hivi kabla. Kisha bei ya dunia ikaanguka, na mwaka 1933 wakubwa wa chai, yaani India, Ceylon na Indonesia ya Waholanzi, wakakubaliana kubana uzalishaji. Afrika Mashariki nayo ikawekewa kikomo cha kupanda. Naona jambo hili halisemwi vya kutosha. Tunapouliza kwa nini chai yetu ilichelewa kukua, tukumbuke kwamba ilipokuwa mtoto ilizuiwa isile ikashiba, ili waliotangulia wasipungukiwe.

Vita ya pili ilipozuka mashamba yaliyokuwa yamerudi mikononi mwa Wajerumani yalichukuliwa tena, na baada yake chai ikapanuka kwa kasi. Lakini nani alichuma? Wenyeji wengi wa Tanga walikuwa na mashamba yao, na waliona afadhali kuwauzia walowezi mahindi kuliko kuwauzia mgongo. Kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali: Iringa, Njombe, Songea, Kigoma, Burundi. Waliitwa manamba. Walipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana katika vijiji vinavyozunguka mashamba ya chai utasikia ukoo wa Kibena au Kihehe ukisalimia kwa Kisambaa, na babu mzaliwa wa mlimani akikuambia kwao ni Makambako, mahali ambapo hajapata kufika.

Ukitaka kuona kazi yenyewe, amka mapema. Wachumaji, wengi wao wanawake, huingia shambani umande ukiwa bado mzito, wamejifunga mfuko wa plastiki au aproni ya turubai kuanzia kifuani mpaka miguuni, kapu mgongoni. Kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi, basi. Ukichukua jani la tatu, chai inakuwa ngumu na karani wa mizani anakurudishia. Mikono huenda yenyewe huku mdomo ukiendelea na habari za jana. Nilijaribu kufuata vidole vya mama mmoja nikashindwa kuona vinakatia wapi. Akanionea huruma: “Mdogo wangu, usiangalie mkono. Angalia jani.” Baada ya wiki moja au mbili atarudi kwenye mstari uleule na kukuta machipukizi mapya. Mche usipochumwa na kupogolewa hugeuka mti mrefu usio na faida kwa mtu, kwa hiyo ule usawa wa juu unaowafurahisha wapiga picha ni alama ya mikono, miaka kwa miaka.

Jani likishakatwa halingoji. Lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo, na hapa ndipo barabara mbovu inapogeuka kuwa bei mbovu, maana jani lililopata joto ndani ya gunia limeshaharibika kabla mashine haijaligusa. Kiwandani hunyaushwa kwa upepo usiku kucha mpaka lilegee, likapitishwa kwenye mashine zenye meno zinazolikata na kulisaga, likaachwa lichachuke. Hiyo ndiyo saa ya mpishi. Kijani kinageuka shaba mbele ya macho yako na harufu inabadilika kutoka nyasi kuwa kitu cha tunda. Akizidisha muda au akipunguza, amepoteza kazi ya siku nzima. Kisha tanuri. Kuni za mikaratusi, hewa ya moto, na chai inatoka nyeusi, ikachekechwa kwa madaraja. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Koti langu lilinukia kiwanda mpaka nilipolifua, na sikuwa na haraka ya kulifua.

Uhuru ulileta swali jingine: je, chai ni ya mashamba makubwa tu? Kuanzia miaka ya 1960 serikali ikawahimiza wakulima wadogo kupanda, na mwaka 1968 ikaundwa Mamlaka ya Chai ya kuwapa miche, kununua majani na kujenga viwanda. Upande huu wa Usambara kiwanda chao kilikuwa Mponde, Bumbuli, kilichojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sheria ya Chai ya 1997 ikaigawa ile Mamlaka: Bodi ya Chai ibaki na usimamizi, Wakala wa wakulima wadogo uchukue malezi, viwanda viende kwa wawekezaji. Mponde kikabinafsishwa mwaka 1999, ugomvi kati ya wakulima na uongozi ukaiva, na mwaka 2013 kikafungwa. Miaka ikapita. Fikiria mwenye mche wa chai bila kiwanda: hawezi kula majani yake, hawezi kuyaweka ghalani. Wengine walitembeza majani mpaka viwanda vya mbali, wengine wakaacha shamba liwe pori, wengine wakang'oa wakapanda mahindi. Serikali ilikichukua tena, ikakiweka mikononi mwa ubia unaohusisha mifuko ya PSSSF (pensheni za watumishi wa umma) na WCF (fidia kwa wafanyakazi), na kikafufuliwa. Lakini imani ya mkulima aliyekwisha kung'oa haifufuki kwa kukata utepe.

Sifichi kwamba nimepanda mlima huu nikiupenda, lakini mapenzi hayafuti hesabu. Kenya huzalisha zaidi ya tani 400,000 za chai kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka kwa wakulima wadogo waliojengewa viwanda vyao. Tanzania, yenye mvua na milima ya kutosha kutoka Usambara hadi Mufindi, Njombe, Rungwe na Kagera, haijafika tani 40,000. Kwa miongo mingi chai yetu imekuwa ikipanda malori kwenda mnada wa Mombasa, ambako huchanganywa na nyingine na kuondoka bila jina la kwao. Novemba 2023 mnada wa chai ulianza Dar es Salaam, na hilo ni jambo jema, ingawa miaka hiyohiyo ya karibuni viwanda kadhaa vya kusini vimesimama na wachumaji wamedai mishahara. Mnada bila kiwanda kinachozunguka ni chumba chenye viti.

Niende Lutindi, kwa sababu watu wachache huenda. Iko katika Wilaya hiyohiyo ya Korogwe, juu kabisa, mahali ambapo wingu huingia kwa mlango na kutokea dirishani. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga hapa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki, na mpaka leo inaendeshwa na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Wagonjwa hapa hupewa kazi za mikono, shambani na kwenye karakana, kama sehemu ya tiba. Sijui mahali pengine ambapo chai na utulivu wa akili vimekaa karibu namna hii. Ukisimama pale asubuhi, bonde la Pangani liko chini ya miguu, Korogwe ni vumbi la bati linalometa, na ng'ambo ya mto, mbali, unatandaa uwanda wa Handeni. Niliitafuta Kwaluguru kwa macho, nikaridhika na ukungu wa rangi ya mahindi.

Kutoka huko juu ndipo mtu anaelewa msitu unafanya nini. Mashamba ya zamani yalifyekwa humohumo msituni, na lawama hiyo haifutiki. Lakini mashamba yaliyodumu yaliacha sehemu kubwa ya msitu isimame, kwa sababu chai bila msitu hupoteza ukungu, na bila ukungu hupoteza majani. Mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipoanzishwa, kampuni ya chai ya Usambara ya Mashariki iliingiza humo zaidi ya hekta 1,000 za msitu wake. Ambangulu nayo imezungukwa na msitu ambao wataalamu wa ndege huja kuutazama kutoka nchi za mbali. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya ni la mwituni hapa. Limebeba jina la Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyepeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, na linaota bila kupaliliwa kwenye mawe yenye unyevu. Dunia imetajirika kwa kuuza ua hilo. Usambara haikupata senti.

Msitu ukikatwa, Bungu itapoteza chai na Handeni itapoteza maji. Huku juu hilo linajulikana. Huko chini, ambako mkaa unachomwa kwa sababu mahitaji ya shule hayangoji mvua, linajulikana pia, ila hakuna anayelipa watu wa uwandani kwa kujua.

Nilishuka na pakiti za chai niliyoinunua karibu na kiwanda, haina picha wala rangi, imefungwa kwa mkono. Katika sufuria ni chai nyepesi kidogo kuliko ya kusini, rangi yake imekaa kwenye shaba, na haikasiriki ikiwekewa tangawizi. Ni chai nzuri. Naamini mfanyabiashara atakayeifungasha katika vipakiti vya bei ambayo mama wa Handeni anaweza kuitoa bila kuhesabu mara mbili hatahitaji Mombasa wala Dar es Salaam kwa mzigo wake wa kwanza. Wanywaji wako kwenye lami ya kilomita 65, na wamekuwa wakingoja tangu Amani ilipopanda mche wa kwanza.

Ukipanga kwenda, chagua Juni au Julai, masika yakiwa yameisha, njia za mlimani zimekauka na majani bado yanatoka. Beba sweta hata kama Korogwe itakucheka. Omba ruhusa kwa meneja kabla ya kuingia shambani au kiwandani, na ukipiga picha za wachumaji waulize kwanza, maana wako kazini na si mapambo. Usianzie mlimani. Shuka Handeni, chukua bodaboda, kaa Kwaluguru angalau kwa vikombe viwili, ndipo upande. Chai ya Tanga haieleweki kwa mtu aliyeiona upande wa baridi tu.